KUTEREMKA MLIMA KWA GARI LA OTOMATIKI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Kimamba)



Tulipoambiwa kwamba zamu ya kusema leo ni yetu, tulifikiri sana juu ya neno litakalowafaa wenzetu. Wengine wamekwisha kusema mbele yenu juu ya akiba na juu ya malezi ya watoto. Sisi tumechagua neno dogo, nalo ni mkono wa gia wa motokaa. Walakini mtu asilidharau, kwa maana neno hili dogo lilikaribia kututoa duniani.

Nyote mwajua nchi tunayokaa. Kimamba iko katika tambarare, katikati ya mashamba ya mkonge. Makarani wengi wa siku hizi, wakisha kudunduliza fedha au kukopa, hununua gari dogo lililotumika Japani, nalo aghalabu ni la otomatiki. Hujifunza kuliendesha papa hapa: hutia D, hukanyaga mafuta, hukanyaga breki, basi elimu imekwisha. Siku moja msiba hutokea Iringa. Mtu huyu hupita Kilosa, Ulaya na Mikumi, akashika barabara kuu iendayo Zambia, akapita Ruaha Mbuyuni, ndipo akakutana na mlima wa Kitonga. Kupanda si kazi. Injini hunguruma na gari hupanda. Kazi ni kurudi.

Ndivyo ilivyotupata sisi. Tulikuwa watu wanne garini, tukirudi kutoka mazikoni. Tulianza kuteremka Kitonga mkono wa gia ukiwa katika D, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, lori mbele na lori nyuma. Mguu wetu ulikuwa juu ya breki tangu kona ya kwanza. Baada ya kitambo tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, na mmoja wetu akasema ni lori lililotutangulia. Mara pedali ikaanza kulainika na kuzama kuliko desturi yake. Kwa rehema ya Mungu palikuwa na nafasi kando ya njia. Tukasimama kwa msaada wa breki ya mkono, magurudumu yakifuka moshi. Mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa amepumzika pale, akaja akachungulia ndani, akasema, "Wanangu, mnashuka na D? Hiyo namba 2 mmewekewa ya nini?"

Tuliona haya. Sisi tunaoandika barua za watu na kutunza mafaili hatukuwa tumeuliza maana ya herufi zilizo mbele ya macho yetu kila siku. Kitabu cha gari kilikuwamo, lakini kimeandikwa Kijapani. Tangu siku ile tumeuliza mafundi na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tufanye hesabu, maana hesabu ni kazi yetu. Gari lenye uzito wa tani moja na nusu, likishuka kimo cha mita 500 bila kuongeza mwendo, huzaa joto la kutosha kuchemsha maji zaidi ya debe moja la lita 20. Lori la tani 30 huzaa mara ishirini ya hilo, yaani kuchemsha mapipa mawili ya lita 200 na ziada. Joto hilo halina budi kwenda mahali. Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya joto huingia katika diski na pedi. Pedi zikipata moto mno hupoteza mshiko wake. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Mafuta ya daraja ya DOT 3 yakiwa mapya hustahimili mpaka digrii 205 za Selsiasi. Yakiisha kuingiwa na unyevu huweza kuchemka kwa digrii 140. Yakichemka huwa mvuke, nao mvuke hubonyea. Basi mguu husukuma mvuke tu, na pedali hufika chini bila kazi.

Pili, iko breki nyingine, nayo ni injini yenyewe. Ukiondoa mguu katika mafuta ilhali gia imeshika, si injini inayosukuma magurudumu tena, bali magurudumu ndiyo yanayosukuma injini. Katika injini ya petroli mlango wa hewa umefungwa, na pistoni huvuta hewa kwa shida, kama mtu anyonyaye maji kwa mrija ulioziba. Shida hiyo, pamoja na msuguano wa vyuma, ndiyo huzuia gari. Gia ikiwa ndogo, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kizuizi huwa kikubwa. Joto lake hutoka kwa rejeta na bomba la moshi, nazo breki hubaki baridi kwa ajili ya haja.

Mtu atauliza, je, giaboksi ya otomatiki haijichagulii gia yenyewe? Naam, hujichagulia, lakini nyingi hazitazami barabara. Hutazama mwendo wa gari na mguu wa dereva. Ukiinua mguu katika mafuta, hudhani kwamba huna haja ya nguvu, basi hupandisha gia ili kuokoa mafuta. Pale unapotaka gia ndogo, yenyewe hukupa kubwa. Zaidi ya hayo, katika magari mengi ya zamani gia ya kwanza ya D hushika upande mmoja tu, mfano wa baiskeli inayoteremka bila mpandaji kupiga pedali: gurudumu lazunguka, mnyororo umelala. Ukitia L, kishikio kingine hufunga ndani, na gia hushika pande zote mbili. Magari mapya kadhaa yana kompyuta itambuayo mteremko na kushusha gia yenyewe, ila si yote tuliyo nayo.

Basi yatupasa kufanya nini? Kabla ya kuanza mteremko, punguza mwendo ungali juu. Gari likiwa na kitufe cha O/D, kibonyeze ili gia ya juu kabisa isiingie. Mlima ukizidi, vuta mkono mpaka 2. Ukiwa mkali sana na mwendo umekwisha kuwa mdogo, tia L. Penye alama ya kutoa, vuta upande wa kutoa. Magari yasiyo na gia za ngazi, yatumiayo mkanda na puli, huwa na S, L au B, na yale yatumiayo petroli na umeme mengi yana B. Zote zafaa mteremko. Injini itapiga kelele. Usiogope, maadamu mshale haufiki penye wekundu. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu mpaka upungue, kisha achia zipoe. Usiweke mguu juu yake njia nzima.

Usitie N kamwe kwa kudhani unaokoa petroli. Injini za siku hizi, gia ikiwa imeshika na mguu umeinuliwa, hukata petroli zenyewe. Katika N hunywa ili zisizime. Wala usizime injini, maana breki itakosa msaada wake na sukani itakuwa nzito.

Injini ya dizeli kwa kawaida haina mlango ule wa hewa, basi huzuia kidogo, na kwa hiyo malori hutiwa breki ya bomba la moshi au nyingine kama hiyo. Mwaka 1931 Mmarekani Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli, alishuka mlima wa Cajon huko California kwa lori ambalo breki zilimshinda, akaponea chupuchupu kugonga treni ya mizigo iliyokatiza chini. Hakuisahau siku ile. Alibuni njia ya kuifanya injini izuie lori kwa nguvu, na chombo chake kikaanza kuuzwa mwaka 1961.

Sisi hatukubuni kitu. Tulisogezewa mkono wa gia na mzee wa lori, tukafika nyumbani. Wazee walisema, mpanda ngazi hushuka. Tunawaomba ndugu zetu, kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini, kila mwenye gari akae akasome herufi zake moja moja, awafundishe na walio nyumbani mwake. Afadhali kuuliza hapa Kimamba penye tambarare kuliko kuulizwa Kitonga.