Njia za Baiskeli katika Vilima vya Ngara: Tuanze na Mteremko

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa Waheshimiwa Madiwani, watendaji wa kata na vijiji, mafundi na wasafirishaji wa mizigo kwa baiskeli



Nimeombwa nizungumzie njia za baiskeli katika wilaya yetu, na ombi hili limekuja katika msimu wake. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za zaidi ya kilomita 260, na jumla ya milima waliyoipanda washindani ilizidi mita 5,000. Tangu hapo imekuwa kawaida kusikia watu wakiuliza: ikiwa wageni wa dunia nzima walivuka bahari kufuata vilima vya Rwanda, kwa nini wasivuke Daraja la Rusumo kufuata vya kwetu? Kutoka darajani hadi Kigali ni takriban kilomita 160 tu, na vilima havijui forodha.

Swali hilo ni halali. Hata hivyo, naomba nitangulize msimamo wangu ili anayetaka kunipinga ajiandae mapema. Njia ya baiskeli inayoifaa Ngara ni ile ambayo mtu aliyepakia mikungu minne ya ndizi anaweza kuishuka wakati wa mvua akafika chini akiwa mzima. Njia ya namna hiyo hata mgeni ataifurahia. Lakini njia iliyochorwa kwa ajili ya mgeni peke yake, yenye kibao kizuri mahali pa kupigia picha na mtaro ulioziba mita hamsini mbele yake, haitamfaa mwenye ndizi, na mgeni mwenyewe hatarudi mara ya pili.

Wilaya yetu haihitaji kubuni historia ili ivutie. Bugufi na Bushubi zilikuwa nchi zenye watawala wake kabla mpaka haujachorwa. Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Urundi, na mpaka wa wakoloni ndio ulioiacha upande wa Tanganyika. Ndiyo maana hadi leo Kihangaza na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Pale Rusumo, mwaka 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto kuingia Rwanda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipewa eneo la Gisaka, ng'ambo ya Kagera, kwa sababu walitaka mahali pa kupitisha reli. Haukupita muda mrefu likarudishwa Ruanda, na mto ukabaki kuwa mpaka. Reli yenyewe haikujengwa. Halafu, mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu robo milioni walivuka daraja hilo kwa muda wa siku moja hivi, wakaelekea Benako. Wengi walitembea kwa miguu, na wenye baiskeli walizikokota zikiwa zimebeba magodoro, vyombo na wazee wasiojiweza. Wapo humu ukumbini watu wazima wanaoikumbuka siku hiyo kuliko mimi, nami sitawasimulia walichokiona. Nasema tu kwamba njia ipitayo hapo si ya mandhari peke yake, na anayempeleka mgeni pale amweleze kwa staha.

Sasa nije kwenye njia zenyewe. Ngara ni nchi ya migongo ya vilima na mabonde. Wazee walipitisha njia zao mgongoni kwa sababu juu hakuna tope na hakuna mto wa kuvuka, na mwendesha baiskeli naye hutafuta hayo hayo. Akishapanda mara moja, hubaki juu. Kwa hiyo, barabara nyingi za vijiji zinazofuata migongo ni njia nzuri za baiskeli tayari, ingawa hakuna aliyewahi kuziita hivyo. Taabu huanza pale njia inapoacha mgongo kulifuata bonde, hasa kuelekea Mto Ruvubu na Kagera, ambako hakuna budi kushuka chote ulichopanda.

Barabara kuu ni jambo jingine. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo hubeba malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, na ile ya Nyakasanza hadi Kobero, kupitia Kabanga, hubeba ya Burundi. Lami yake inashawishi. Lakini lori la tani kadhaa linaposhuka mlima halina mahali pa kumkwepea mwendesha baiskeli anayeyumba, na upepo wake peke yake humvuta mtu kuelekea magurudumu. Kama tutachora ramani ya njia za baiskeli, ushauri wangu ni kwamba barabara hizi zitumike kwa vipande vifupi tu, pale ambapo hakuna njia nyingine. Wapo vijana wanaodandia nyuma ya malori ili wapandishwe mlima bila kukanyaga pedali. Tumeona ng'ambo, katika milima ya Burundi, tabia hiyo ilivyokuwa kazi ya kila siku ya wasafirishaji wa ndizi, na maisha ya vijana yaliyopotea humo. Dereva akifunga breki ghafla, aliyedandia hana breki ya kumwokoa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ndipo penye uzito wa mazungumzo haya.

Kila mwenye nyumba kando ya mteremko anaijua sauti ya kandambili inayosuguliwa kwenye gurudumu. Msafirishaji amepoteza breki, au hakuwa nazo, akageuza unyayo kuwa breki. Tumeizoea sauti hiyo kiasi cha kuiona ni sehemu ya biashara. Tujiulize basi kinachotokea. Mteremko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba katika kila mita 100 unashuka mita 8. Baiskeli yenyewe ina uzito wa kilo 20 hivi, mwendeshaji kilo 60, na mzigo huweza kuwazidi wote wawili. Uzito huo wote unasukuma kwenda chini, na kazi ya kuuzuia imeachiwa vipande vinne vya mpira vyenye ukubwa wa kidole gumba. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima huongezeka mara nne. Ndiyo sababu anayesema "nitafunga breki nikikaribia kona" amechelewa kabla hajafika kwenye kona. Kasi hudhibitiwa juu, mwanzo wa mteremko, ingali ndogo. Rimu ikilowa, mpira huteleza kwanza na kushika baadaye, na mita zinazopotea katika kungoja huko ndizo zilizobaki kati yake na korongo.

Mpira wa breki ni kitu cha bei ndogo kuliko mkungu mmoja wa ndizi. Fundi aliye chini ya mwembe, mwenye pampu, spana na beseni la maji la kutafutia tundu, anafanya kazi ya usalama barabarani sawa na askari aliye kwenye kituo cha ukaguzi, ila yeye hatumpi heshima hiyo. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vina haki ya kuomba mkopo wa asilimia 10 unaotokana na mapato ya ndani ya Halmashauri. Sioni kwa nini kikundi cha mafundi baiskeli kisiombe, kikaweka karakana ndogo juu ya kila mteremko mkali. Nasema juu, si chini. Chini ya mteremko tunapeleka machela.

Upande wa barabara yenyewe, wananchi wengi huja ofisini kwetu na malalamiko yanayopaswa kwenda kwingine, kwa hiyo nifafanue. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za wilaya na za vijiji, tangu mwaka 2017, zipo chini ya TARURA. Halmashauri haina greda la kutuma kesho asubuhi. Ilicho nacho ni mpango na bajeti, na mpango huanzia kijijini, katika vikao vya kuibua vipaumbele, ukapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na hatimaye kwenye Baraza. Mteremko usiotajwa kijijini hautaonekana kwenye kitabu cha bajeti, hata kama kila mtu anaujua.

Na mara nyingi kinachohitajika hakihitaji greda. Maji yakikosa mtaro hupita katikati ya barabara, yakachimba mfereji mwembamba unaolingana kabisa na upana wa tairi la baiskeli. Gari hulivuka tundu hilo bila dereva kulisikia, wakati baiskeli hunaswa humo na kumrusha mwendeshaji. Kuzibua mtaro kwa majembe, kufyeka majani kwenye kona ili mtu aone anayekuja, kuondoa changarawe iliyokusanyika mahali pa kukata kona: haya kijiji kinayaweza kwa siku moja ya msaragambo. Mabega ya barabara yenye upana wa kutosha ni kazi ya wahandisi, na hayo tuendelee kuyadai kila barabara mpya inaposanifiwa, kwa sababu kuyaongeza baada ya lami kumwagwa ni gharama kubwa zaidi.

Lipo suala la mpaka. Sisi tunaendesha kushoto. Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Dereva wa lori hukumbushwa na alama na foleni. Mwendesha baiskeli hupita pembeni akiwaza soko, akajikuta ng'ambo upande usio wake. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016, kimerahisisha taratibu za kuvuka, lakini hakijaziondoa: kila avukaye sharti apite Uhamiaji, hata kama kutoka hapo unaliona paa la nyumba ya shangazi yako. Anayepita njia za vichakani akianguka huko, hata kumpeleka hospitali huwa tatizo.

Kuhusu akina mama na mabinti kuendesha baiskeli, zipo kaya zinazoona si adabu. Sitaki ugomvi na wazee wangu. Nawaomba tu wapime uzito wa dumu la lita 20 kichwani na uzito wa dumu hilo hilo kwenye keria, kisha waamue.

Ombi langu kwa watendaji ni hili. Kabla ya vikao vya kuibua vipaumbele kuanza, kila kijiji kituletee karatasi moja. Iandikwe jina la mteremko kama wenyeji wanavyouita, unakoanzia na unakoishia, kona yenye hatari, mahali maji yanapokata barabara, na fundi wa karibu yuko umbali gani. Msiiandike ofisini. Mkae na wasafirishaji wawili watatu, muwaulize ni wapi hushuka wakakokota baiskeli kwa miguu ingawa njia inaelekea chini. Hapo wanaposhuka ndipo tutakapoanzia kuchora ramani. Karatasi zipokelewe masjala, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

Niko tayari kwa maswali, nikianza na ndugu zangu wasafirishaji.