Stika Imebandikwa, Kioo Je?

Trafiki hukagua magari na kuyabandika stika za usalama barabarani, za Nenda kwa Usalama, na ubishi juu ya stika hizo mmeusikia. Sisi hatuna ugomvi na stika. Kinachotutia hofu ni pale inapobandikwa: kwenye kioo cha mbele, ambacho mara nyingi kina ufa wa kutoka pembe hadi pembe. Stika ipo. Kioo je?

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni mahali pa kuvunja vioo. Njia ya Nyamongo hadi Mugumu ina vipande vya changarawe na malori mazito ya shughuli za mgodi wa North Mara. Kutoka Mugumu kwenda Robanda na lango la Ikoma, Land Cruiser za watalii zinapishana kwenye vumbi. Kokoto moja ikiruka kutoka kwenye tairi la aliyetangulia, kazi imekwisha. Asubuhi dereva akitoka Tarime kuelekea Nyamongo, jua linampiga usoni, ufa unawaka, na mtoto anayevuka barabara haonekani.

Basi kioo kinapelekwa kubadilishwa, na hapo ndipo kasheshe inapoanza. Fundi anakwangua cha zamani kwa bisibisi, anachuna rangi, anapaka silikoni ya madirisha ya nyumba, anakandamiza kioo kilichochomolewa kwenye gari la kuchinja, anabandika utepe. Dereva analipa, anawasha gari, anawahi foleni ya stendi. Gundi bado mbichi, Noah imejaa, safari ya Sirari imeanza. Na stika ipo.

Kioo cha mbele ni matabaka mawili yenye utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa hupasuka bila kumwagika kama vile vya milangoni. Kwenye magari mengi ya sasa kimegundishwa kwenye bodi na ni sehemu ya nguvu zake: gari likipinduka, husaidia kubeba paa. Eabegi ya abiria wa mbele nayo, kwenye magari mengi, ikifumuka huegemea kioo hicho. Kikiwa kimeshikwa na silikoni, kinasukumwa nje, na abiria anabaki bila kinga. Kwenye Land Cruiser 70 nyingi, zile za porini, kioo hushikwa na mpira. Fundi aliyezoea hizo asiifanyie Noah hivyo hivyo.

Kazi yenyewe inajulikana. Gundi ya zamani inakatwa kwa waya na kubakizwa tabaka jembamba. Penye mchubuko panapakwa praima, kutu isije ikala fremu na kuachia gundi. Vumbi linafutwa lote. Gundi ya polyurethane, inayotengenezwa kwa ajili ya magari, inazungushwa mstari mmoja usiokatika. Kisha gari linaachwa. Gundi hiyo hukomaa kwa unyevu wa hewa, na muda wake umeandikwa kwenye tyubu: kuna ya saa moja, kuna ya kulala mpaka kesho.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani. Dereva anasimamishwa, anaandikiwa faini, analipa, anaondoka na kioo kile kile. Kesho tena. Faini imelipwa, stika ipo, kioo je?

Mkoa wa Mara ulipoteza watu zaidi ya 30 katika ajali moja ya mabasi eneo la Sabasaba, Septemba 2014. Mkoa uliozika kiasi hicho hauwezi kukagua karatasi ukaacha gari!

Trafiki wa Tarime/Rorya na wenzenu wa Serengeti, kabla ya kubandika stika pitisheni mkono ukingoni mwa kioo: silikoni ikionekana, gari lirudi gereji. Wenye magari, acheni kumharakisha fundi. Mnunulieni gundi ya gari, mdai tyubu muisome wenyewe. Abiria mnaogombea siti ya mbele stendi ya Mugumu, muulizeni dereva kioo kimebadilishwa lini na kwa gundi gani. Akisema ni asubuhi hii, shukeni, pandeni linalofuata!