Kumvua Chewa kwa Chambo cha Kuigiza



Chewa si samaki wa mbio. Hukaa katika pango la mwamba akivizia, na samaki mdogo apitapo karibu humrukia na kummeza mzima. Kwa hiyo chambo cha kuigiza, kiwe bati ling'aalo au manyoya meupe yaliyofungwa katika ndoana, sharti kifanane na kidagaa aliyeumia. Kizamishwe hata karibu na mwamba, kivutwe kidogo, kisha kiachwe kishuke. Mara nyingi chewa hukidaka kinaposhuka. Akiisha kukidaka, mshipi usilegezwe kamwe, maana akirudi pangoni hutanua mashavu akakwama, na mawe huukata mshipi.

Tena maji yaangaliwe. Mto Sabaki ukishusha tope wakati wa mvua, bahari ya Malindi huchafuka, wala samaki haoni chambo. Ni heri kungoja maji yatakate.

Lakini neno kubwa ni hili. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakiisha kukua. Mwamba ukinyang'anywa wakubwa wote, majike hukosa madume, na uzazi hupungua. Kwa sababu hiyo mdogo arudishwe majini upesi, apate kukua; na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, ziheshimiwe, kwani kuvua ndani yake kumekatazwa. Avuaye leo akumbuke kwamba kesho mwanawe atatupa mshipi pale pale.