Dawa ya Radieta na Mwani wa Ziwa

Wasikilizaji wa Kalemie, je, glikoli ya etilini, ile dawa ya kupoza injini, inaua mwani unaolisha vijidudu wanaoliwa na ndakala? Maabara huweka mwani wa kijani kwenye chupa zenye viwango tofauti vya kemikali, chini ya taa, na baada ya saa 72 huhesabu seli. Ukuaji hupungua nusu pale tu glikoli inapofika maelfu ya miligramu kwa lita. Kwa mwani, basi, sumu yake ni ndogo. Tena wapo watakaosema ziwa lenye kina cha mita 1,470 litaimeza. Hoja hiyo ni nyepesi: ikimwagwa ufukweni, penye maji haba, bakteria wanaoivunja humaliza oksijeni ya samaki, jambo ambalo chupa ya maabara haipimi. Na mbuzi akiilamba, maana ni tamu, figo zake huharibika.