Nani Alipe Gharama ya Ukweli?



Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini ililiarifu Shirika la Afya Duniani kwamba wanasayansi wake wamebaini aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19. Siku mbili baadaye aina hiyo ikapewa jina la Omicron, na papo hapo Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani zikaanza kuwafungia milango wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Mwezi haujaisha, Uholanzi ikatangaza kuwa kirusi hichohicho kimekutwa katika sampuli zilizochukuliwa kwake tarehe 19 na 23, kabla Afrika Kusini haijatoa taarifa. Marufuku ile, basi, haikuufuata ugonjwa. Ilimfuata aliyeutaja.

Ushirikiano wa mataifa ukizungumzwa, aghalabu huanzia kwenye misaada: nani katoa, na katoa kiasi gani. Swali linalonisumbua mimi linatangulia hilo. Nchi ikitoa taarifa inayookoa maisha ya watu wa nchi nyingine, hasara inayozaliwa na taarifa hiyo ni ya nani?

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika 2007, zinaitaka nchi ikishatathmini tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa iarifu ndani ya saa 24. Kanuni hizohizo zinamtaka anayeweka vizuizi vya ziada vya safari au biashara aeleze sababu zake za kisayansi. Hazina adhabu kwa anayekiuka sharti lolote kati ya hayo mawili. Lakini soko lina adhabu yake: ndege hazitui, watalii wanaahirisha, mizigo inalala mpakani, na mzigo huo wote unamwangukia aliyeripoti. Kijijini mtu akipiga yowe la moto usiku, majirani hutoka na ndoo, na asiyetoka huulizwa kukicha. Sijapata kusikia kijiji kilichomtoza faini aliyepiga yowe.

Haki ya kulalamika inatutaka nasi tujiseme. Nchi yetu, Tanzania, iliacha kutoa takwimu za UVIKO-19 mwishoni mwa Aprili 2020, na ukapita zaidi ya mwaka mzima kabla hazijarudi. Majirani zetu walinyimwa taarifa waliyostahili, na wa kwanza kunyimwa walikuwa wananchi wenyewe. Januari 2025, ugonjwa wa Marburg uliposhukiwa wilayani Biharamulo, kwanza tulisema sampuli hazina virusi. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha kuwa upo, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Naelewa kwa nini kiongozi yeyote angesita. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupitia Nyakanazi, ndani ya wilaya hiyohiyo. Neno moja tu lingeweza kugusa riziki ya dereva, utingo na mama ntilie. Kuelewa si kuhalalisha. Lakini asiyeelewa hofu hiyo hawezi kutunga kanuni itakayofuatwa.

Upande wa pili wa deni la wanaonufaika kwa wanaotoa unaonekana Kongo. Mwaka 1995 Ebola iliupiga mji wa Kikwit. Kutoka katika damu ya mtu aliyenusurika pale, watafiti walipata kingamwili iliyozaa dawa. Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu huko Kivu Kaskazini, katika vituo vya Mangina, Beni, Butembo na Katwa, miongoni mwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, katikati ya vita. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwamo katika uchunguzi wa mlipuko wa kwanza wa Yambuku mwaka 1976, alikuwa miongoni mwa waliouongoza utafiti huo. Walishiriki wagonjwa 681. Kwa waliopewa dawa mbili zilizofanya vizuri, ile ya Kikwit ikiwamo, alifariki takriban mmoja kati ya watatu. Kwa dawa waliyolinganishwa nayo, nusu. Marekani iliidhinisha dawa zote mbili mwaka 2020. Baadaye Madaktari Wasio na Mipaka wakalalamika kwamba karibu akiba yote imo katika maghala ya Marekani, huku wagonjwa wengi wa milipuko iliyofuata Afrika wakiikosa. Damu ilitoka Kikwit, wagonjwa walitoka Beni. Kuuita huo ushirikiano ni kuwakosea heshima.

Mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 unajaribu kulijibu hili: viwanda vitakavyoshiriki vilenge kulipatia Shirika la Afya Duniani asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wakati wa janga, na angalau asilimia 10 iwe bure. Kiambatisho cha kugawana vimelea na manufaa yake kiliachwa kijadiliwe baadaye, na Marekani haikuwamo. Naunga mkono mgao huo. Ila haumfikii dereva wa Nyakanazi.

Bima ya hasara imewahi kujaribiwa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilianzisha mfuko wa dharura wenye sehemu ya bima iliyouzwa kwa wawekezaji. Ebola ilipoua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo, sehemu hiyo haikulipa chochote, kwa sababu masharti yalitaka vifo 20 viwe vimetokea katika nchi ya pili. Yaani Kongo ilipaswa kushindwa kuwalinda majirani ndipo istahili kusaidiwa. Siwezi kufikiria sharti lililo kinyume zaidi na maadili.

Kwa hiyo nawaomba wanaotuwakilisha Geneva wadai kifungu cha fidia kitakachoanza kufanya kazi siku taarifa inapopokelewa, kabla ya kuhesabu maiti. Nchi zote zichangie kwa kadiri ya pato lao, na nchi itakayofunga mpaka bila kutoa sababu za kisayansi ilipie hasara iliyoisababisha.