Kusimama Nako Ni Kazi

Hebu geuzeni viatu vyenu mtazame soli. Changu cha kulia kimelika upande wa ndani, na fundi viatu ndiye aliyenizindua: "Mzee, wewe husimami, unaegemea."

Nilicheka, lakini kiuno kilikuwa kikiniuma. Nikaenda darasa la yoga nikidhani nitakunjwa kama mkeka. Kumbe somo la kwanza ni kusimama tu! Kwa Kisanskriti mkao huo huitwa Tadasana, yaani mkao wa mlima. Uzito usilemee visigino wala vidole. Mapaja yakazwe, magoti yasisukumwe nyuma. Nikikaza mapaja, tumbo latangulia mbele. Nikirudisha tumbo, mabega yapanda masikioni. Dakika moja, jasho tele.

Ukafuata mkao wa pembetatu, Trikonasana. Unatanua miguu, unainama ubavu, mkono unashuka kuelekea kifundo cha mguu wa mbele. Mimi, kwa pupa, nikakimbilia sakafu. Mwalimu akaniwekea tofali chini ya kiganja, mtindo alioueneza B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014. Mkono ulipotulia ndipo nikaona kosa lilipokuwa: ukingo wa nje wa unyayo wa nyuma ulikuwa umeinuka. Mguu ule ule wa kulia!

Kiuno bado chauma asubuhi, sitawadanganya. Viatu nimevitia soli mpya. Baada ya miezi sita nitamrudishia fundi avikague.