Karanga Zilipokosekana

Hotuba ya Kamati ya Wakimbizi, iliyosomwa Kagugu, Kigali, siku ya kumbukumbu



Tumeombwa kuzungumza juu ya chakula na afya. Wengi wenu mliopanga nyumba hapa Kagugu mmetoka Gihembe, kambi iliyofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2021, ndugu zetu wakahamishiwa Mahama. Kule tulizoea kupanga mstari wa posho: mahindi, maharagi, mafuta na chumvi. Tangu mwaka 2014 tukaanza kupewa fedha ili kila nyumba ijinunulie. Fedha zilileta uhuru, hatukatai. Lakini zilileta na mzigo, kwa sababu sasa mama wa nyumba ndiye anayeamua ni kitu gani kikosekane chunguni. Mwezi wa Machi 2021 posho ilipokatwa kwa asilimia 60 katika kambi za Rwanda, kwa kuwa michango ya wafadhili haikutosha, kila nyumba ililazimika kuamua hivyo. Na hapa mjini, kodi ya nyumba hutangulia chakula.

Basi tuwaeleze yaliyowapata wakimbizi wenzetu wa Msumbiji, waliokimbilia Malawi kwa ajili ya vita. Chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi, kama sisi. Pamoja na mahindi walipewa karanga. Mwaka 1989 karanga zikaanza kukosekana, na ukosefu huo ukaendelea kwa miezi. Unga ulikuwapo, watu walikula ugali wakashiba. Lakini ngozi zikaanza kuwa nyeusi na kukwaruza, shingoni, mikononi na kila mahali jua linapogusa. Wengine waliharisha, wengine akili zikavurugika. Ulikuwa ugonjwa wa pelagra, na usipotibiwa huua. Kati ya Februari na Oktoba 1990 waliugua zaidi ya watu 17,000, na wanawake waliugua kuliko wanaume.

Sababu yake ni hii. Mwili unahitaji vitamini iitwayo niasini. Ndani ya mahindi imo, lakini imefungwa, tumbo haliwezi kuitoa. Karanga zinayo kwa wingi nayo iko wazi. Kwa hiyo zile karanga chache, ambazo mtu angedhani ni kitu cha kutafuna tu, ndizo zilizokuwa zikiwalinda watu wale. Waliopona ugonjwa huo wengi wao walikuwa na karanga za kula, au na bustani yao wenyewe.

Wageni wetu wa mashirika watusikilize hapa kidogo. Hesabu inayotumika ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ni hesabu ya nguvu, na nguvu tunaihitaji. Lakini gunia la mahindi linaweza kujaza hesabu hiyo na bado mtoto akavimba miguu kwa bwaki. Sisi wa Kivu bwaki tunaijua, hatukufundishwa na kitabu.

Tusiende mbali. Kisiwa cha Idjwi kiko hapa ziwani Kivu. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikuta huko watu wengi wenye rovu shingoni, na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa, kwa kukosa madini ya joto, yaani iodini. Waligundua pia kwamba muhogo ulizidisha ubaya huo, kwa sababu ya sumu yake. Hatusemi muhogo uachwe. Nani kati yetu ataacha fufu? Tunasema muhogo mchungu ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa vizuri, hata kama mnunuzi anangoja. Chumvi nayo iwe ile yenye iodini, ifunikwe, itiwe chunguni mwishoni.

Sasa maharagi. Mwaka 2013, huko Huye, wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu walikula maharagi kwa siku 128. Kundi moja lilikula ya kawaida, kundi jingine yale yaliyozalishwa yawe na madini ya chuma kwa wingi. Wale wa kundi la pili damu yao iliongezeka zaidi. Maharagi hayo hulimwa hapa Rwanda. Muulizeni muuzaji sokoni. Kwa mama mwenye mimba, upungufu wa damu si jambo la kuchezea. Halafu jambo moja ambalo wazee hawatalipenda: chai ya majani inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Ingojeeni saa moja. Limau au pera baada ya maharagi husaidia.

Mtatuuliza: fedha zikiwa chache, tupunguze nini? Maoni yetu ni kwamba sukari ipunguzwe kwanza, pamoja na soda, tena bila huruma. Mafuta yapunguzwe kidogo tu. Karanga, ndagala na maharagi viwe vya mwisho kuguswa, hata kama ni kijiko kimoja cha unga wa ndagala katika uji wa mtoto. Lengalenga haihitaji shamba. Gunia la udongo mlangoni linatosha, na maji ya kuoshea mboga yatainywesha.

Kwa mashirika ombi letu ni moja. Posho ikilazimika kupunguzwa, kamati za wakimbizi ziulizwe mapema ni kitu gani kibaki, na akina mama wawemo katika kikao hicho, maana wao ndio wanaopika.

Mbegu za lengalenga ziko mezani pale karibu na mlango. Kila nyumba ichukue pakiti moja, siyo mbili. Maswali tunayapokea sasa.